UZI: Sheria za Washington, Brussels na Beijing zinavyoingia kwenye korosho na ufuta wa Mtwara na Lindi

BintiMikindani (mleta mada)

Habari zenu wana Kusini, na wengine wote mnaopita humu.

Bei ya mnada ikishuka Tandahimba au Nachingwea, tunajua lawama zinakwenda wapi: AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), chama kikuu, Bodi ya Korosho, wanunuzi waliopanga bei chini ya meza. Sikatai, huko nako kuna mambo. Lakini mimi natunza kumbukumbu za kikundi cha akina mama wanaobangua korosho hapa Mtwara. Kazi yangu ni makaratasi, na kadiri ninavyoyashika ndivyo ninavyoona kwamba mengi yanayotupata yanaamuliwa na watu ambao hawajawahi kuuona mkorosho ukichanua. Miaka hii michache sheria za biashara duniani zimebadilika kwa kasi kubwa, na huku kwetu hakuna anayezizungumza mpaka mzigo ukataliwe.

Nianze na Marekani, maana huko ndiko kulikotikisika zaidi.

Kwa kawaida korosho iliyobanguliwa huingia Marekani bila ushuru wa forodha. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Trump akatangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima: Vietnam 46%, India 26%, Tanzania 10%. Wiki moja baadaye viwango vya juu vikasimamishwa kwa siku 90, nchi nyingi zikabaki kwenye 10%. Agosti vikarudi kwa sura nyingine, Vietnam 20% na India 25%, na kabla mwezi haujaisha India ikaongezewa 25% nyingine kwa sababu inanunua mafuta ya Urusi. Jumla ikawa 50%. Halafu tarehe 14 Novemba ikatoka amri ya kuviondoa vyakula kadhaa kwenye ushuru ule wa Aprili: kahawa, chai, ndizi, viungo, na korosho ikiwemo.

Sasa tazameni kalenda yetu. Korosho yetu ghafi kwa sehemu kubwa inanunuliwa na Vietnam na India, inabanguliwa kule, kisha kokwa zinauzwa kwa walaji, na Marekani ni mmoja wa wateja wakubwa wa kokwa za Vietnam. Minada yetu hufunguliwa Oktoba. Mfanyabiashara wa Vietnam aliyekuwa anaandika zabuni yake Oktoba 2025 alikuwa na 20% kichwani, hajui kama itapanda, itashuka au itafutwa. Mtu mwenye wasiwasi huo anaandika bei ya kujilinda, hiyo haihitaji njama wala kikao cha siri.

Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio ulionifanya nianzishe uzi huu. Kuanzia Agosti hadi katikati ya Novemba, kokwa zilizobanguliwa Mtwara zilikuwa zinaingia Marekani kwa 10% wakati za Vietnam zinatozwa 20% na za India 25%, kisha 50%. Nafasi ya namna hiyo haiji mara nyingi. Ilidumu kama miezi mitatu. Wa kuitumia alikuwa yule ambaye makaratasi yake yalishakamilika, kwa sababu tangu sheria yao ya usalama wa chakula ya mwaka 2011, muagizaji wa Marekani anawajibika kisheria kumhakiki msambazaji wake wa nje: hatari zipo wapi, zinadhibitiwaje, rekodi ziko wapi. Hayo huwezi kuyaanza Agosti ukayamaliza Novemba.

Nataka tujadili hilo. Sheria za nje zinatukuta tumelala kwenye kumbukumbu, wakati stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka mazao ghalani kwa risiti na kuyauza mnadani, imetupa nusu ya kumbukumbu zinazotakiwa. Nitaendelea na China na Ulaya.

MzeeWaNewala

Binti yangu, nimesoma yote na nakushukuru. Lakini niseme kama mkulima. Mimi napalilia, napuliza salfa, naokota, naanika, napeleka AMCOS. Wananipimia unyevu, wananiambia daraja la kwanza au la pili, napewa karatasi yangu. Mnada ukipita nasubiri hela benki. Baada ya hapo korosho si yangu tena. Huyo Mmarekani wako amfuate mwenye kiwanda. Ukituambia tuanze kuandika daftari jingine, najua mwisho wake: makato mapya kwa kila kilo. Tumeshachoka na makato.

BintiMikindani

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya makato ni nzito, nitaijibu kivyake, sitaikwepa.

Kuhusu korosho kutokuwa yako tena baada ya mnada: kwa karatasi ni kweli. Kwa bei, hapana. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2030 korosho yote ibanguliwe hapa hapa nchini, na kongani ya viwanda ya Maranje imeanzishwa kwa ajili hiyo. Msimu wa 2024/25 tulivuna zaidi ya tani 500,000. Siku mzigo huo ukianza kubanguliwa hapa, mteja wetu hatakuwa tena mwenye kiwanda wa Vietnam anayechanganya korosho za Tanzania, Ivory Coast na Kambodia kwenye mashine moja. Atakuwa mwenye duka la Ujerumani au Uholanzi, na huyo, hasa akiwa kampuni kubwa, sheria za kwao zinaweza kumlazimisha aulize mpaka shambani. Leo swali linaishia Vietnam kwa sababu sisi tunauza ghafi. Tukibangua wenyewe, swali linatua Newala.

UfutaRuangwa

Dada, sisi wa Ruangwa na Nachingwea tuna korosho ila kinachotuweka mjini mwezi wa sita ni ufuta. Nilisikia redioni China wamefuta ushuru kwa nchi maskini zote. Mbona sikuona tofauti kwenye mnada?

BintiMikindani

Kaka, ulisikia sawa. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China haitozi ushuru bidhaa yoyote kutoka nchi zinazoendelea za daraja la chini zenye uhusiano wa kibalozi nayo, na Tanzania imo. Ila angalia tulikotoka: tangu Desemba 2022 Tanzania ilikuwa tayari na msamaha kwa 98% ya aina za bidhaa. Hatua ya 2024 ilimalizia kipande kilichobaki, kwa hiyo usingetegemea bei iruke.

Kinachoamua nani auze China kwa sasa ni kanuni za Mamlaka ya Forodha ya China, ambazo zilipoanza tarehe 1 Januari 2022 zilikuwa namba 248 na 249. Zinataka kila kiwanda na kila ghala la chakula nje ya China liwe limesajiliwa kwao, na namba ya usajili ionekane kwenye vifungashio. Mbegu na kokwa zimo. Msafirishaji mwenye namba ananunua kwa kujiamini, asiye na namba anauzia mwenye namba. Ukijiuliza kwa nini kwenye mnada wanaonunua kwa wingi ni wale wale, tazama na hilo kabla hujafika kwenye mengine.

Na kuna jambo la ufuta ambalo watu wengi wa Lindi hawajalisikia kabisa. Marekani walipitisha sheria Aprili 2021 ikauweka ufuta kuwa kizio kikuu cha tisa, yaani chakula kinachoweza kumletea mtu mzio hata akafa, pamoja na maziwa, mayai, samaki, samakigamba, karanga, ngano, soya na kokwa za miti kama korosho. Tangu tarehe 1 Januari 2023 chakula chenye ufuta lazima kiandikwe hivyo kwenye lebo. Viwanda vya mikate vikaona kazi ya kusafisha mashine mpaka pasibaki hata punje ni ngumu na ina hatari ya kushtakiwa. Baadhi yao wakaamua kuongeza ufuta kidogo makusudi kwenye mikate ambayo haikuwa nao, wakauandika kwenye lebo, wakamaliza. Wenye mzio wakalia, maana vyakula walivyokuwa wakila sasa hawawezi tena. Sheria iliyotungwa kuwalinda ikawapunguzia chakula.

Kwa nini nalileta hapa? Kwa sababu vikundi vingi huku vinashika ufuta mwezi wa sita na korosho mwezi wa kumi, kwa turubai lile lile, ungo ule ule, ghala lile lile. Punje za ufuta zinabaki kwenye mishono ya turubai. Kwa mnunuzi wa kokwa, punje hizo ni kizio ambacho lebo yake haikukitaja, na mzigo mzima unaondolewa sokoni kwa gharama yake. Sisi kikundini tumetenga turubai za ufuta na za korosho, za ufuta zina rangi yake. Haikuhitaji mfadhili.

MkaliwaForodha

Mleta mada heshima kwako. Nafanya kazi za uwakala wa forodha bandarini, naomba niongeze la Ulaya kwenye ufuta. Mwaka 2020 Ubelgiji waligundua ufuta kutoka India una mabaki ya ethilini oksaidi, gesi inayotumika kuua vijidudu, ambayo Ulaya imepigwa marufuku kwenye chakula. Bidhaa zikaondolewa madukani nchi baada ya nchi: mikate, biskuti, michanganyiko ya nafaka, hata zile zilizotumia ufuta kidogo sana. Wale Wahindi hawakuwa wanaficha uchafu. Walikuwa wanapambana na salmonela, ambayo nayo Ulaya hawaitaki. Ndiyo hali anayokutana nayo mfanyabiashara: ukiacha bakteria unakataliwa, ukiwaua kwa dawa isiyoruhusiwa unakataliwa. Kilichobaki ni usafi tangu shambani na kuua vijidudu kwa mvuke.

Na kwa dawa za shambani, Ulaya wana kanuni inayosema pale ambapo hakuna kiwango maalum kilichowekwa kwa dawa fulani kwenye zao fulani, kiwango cha jumla ni miligramu 0.01 kwa kilo. Japan nao tangu 2006 wana utaratibu wa namna hiyo, kiwango kile kile. Kwa hiyo dawa ambayo kisheria unaipuliza Liwale bila tatizo inaweza kufunga mlango wa Yokohama.

BintiMikindani

Asante sana mkuu, umeniokolea aya nzima. Kwa korosho ongeza sumukuvu aina ya aflatoksini, inayotokana na ukungu: kokwa za kuliwa moja kwa moja Ulaya wanataka zisizidi mikrogramu 4 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini zote. Korosho iliyonyeshewa mvua ikarundikwa kabla haijakauka ndiyo inayoleta janga hilo. Mzee wangu wa Newala, hapo ndipo kuanika kwako kunapokutana na sheria ya Brussels.

Sasa sheria kubwa zaidi za Ulaya, zile zinazogusa kampuni zenyewe.

Ufaransa walianza mwaka 2017 na sheria inayozitaka kampuni kubwa ziandae mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira kwenye mnyororo wao wote wa ugavi. Ujerumani wakafuata: kuanzia Januari 2023 kampuni zenye wafanyakazi 3,000 na zaidi, kuanzia 2024 zenye 1,000 na zaidi. Umoja wa Ulaya nao ukapitisha ya kwake mwaka 2024. Halafu upepo ukageuka. Kampuni zikalalamika kwamba karatasi ni nyingi mno, Aprili 2025 tarehe zikasogezwa mbele, na Desemba 2025 wakakubaliana kuipunguza ibaki kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 5,000 na mauzo ya zaidi ya yuro bilioni 1.5 kwa mwaka, utekelezaji ukisukumwa hadi 2029.

Kuna watu watasema basi limekwisha, tulale. Naona tofauti. Sheria ya kupiga marufuku bidhaa za kazi ya kulazimishwa haijapunguzwa, na itaanza kutumika Desemba 2027. Hii haiangalii ukubwa wa kampuni, inaangalia bidhaa. Korosho ina historia chafu hapo: mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu vituo vya kuwashikilia watumiaji wa dawa za kulevya Vietnam, ambako watu walilazimishwa kubangua korosho kwa malipo duni au bila malipo, na Marekani waliiweka korosho ya Vietnam kwenye orodha yao ya bidhaa zinazotiliwa shaka kuwa zimezalishwa kwa kazi ya watoto au ya kulazimishwa. Mnunuzi anayeogopa sheria ile atatafuta korosho ambayo anajua nani ameibangua. Kikundi cha akina mama wenye daftari la mahudhurio, malipo na glavu kinaweza kumwonyesha. Nasisitiza glavu. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, na mama aliyebangua kwa mikono mitupu msimu mzima vidole vyake unavijua hata ukimpa mkono gizani. Nisingependa tusubiri sheria ya Ulaya ndipo tumnunulie glavu. Lakini kama sheria hiyo itawafanya wenye viwanda wanunue, ije haraka.

KilwaMasoko

Mkuu, na ile sheria ya misitu? Huku kwetu Kilwa kuna vijiji vinauza mpingo na mninga. Tuliambiwa Ulaya hawatapokea mbao tena.

BintiMikindani

Si kwamba hawatapokea. Ni kanuni ya mwaka 2023, inagusa bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Korosho na ufuta havimo. Inataka mwenye kuingiza mbao Ulaya aonyeshe alama za GPS za pale mti ulipokatwa, na kwamba msitu haukufyekwa wala kuharibiwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Imeahirishwa mara mbili: kampuni kubwa na za kati sasa ni mwisho wa Desemba 2026, ndogo katikati ya 2027.

Kwa hili Kilwa mko mbele ya wengi. Kikole walipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa msitu wao wa kijiji mwaka 2009, miongoni mwa vijiji vya kwanza Afrika kuuza mbao za msitu wa asili zenye cheti hicho. Kijiji chenye mpango wa uvunaji, ramani na rekodi ya kila mti uliokatwa kina sehemu kubwa ya kile ambacho kanuni hii inauliza. Anayeumia ni yule anayevuna kwa kibali cha mashaka, mbao zake zikapita usiku.

Mchuuzi_Masasi

Nimefuatilia kimya kimya. Naomba kuuliza la nyumbani. Nina rafiki mgeni, si Mtanzania, ana mtaji. Alitaka tushirikiane, mimi niingie vijijini ninunue ufuta na mbaazi kwa jina langu, yeye atoe hela. Kuna mtu kaniambia hilo sasa ni kosa. Kweli?

MkaliwaForodha

Kaka, kaa mbali nalo. Tarehe 28 Julai 2025 ilitoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15. Ununuzi wa mazao shambani umo, pamoja na uwakala wa forodha kama kazi yangu hii, huduma za kutuma na kutoa pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, uongozaji wa watalii, viwanda vidogo, na biashara ya jumla na rejareja yenye mipaka yake. Faini kwa mgeni si chini ya shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza au kibali chake kufutwa. Mtanzania anayemsaidia ni faini ya milioni 5 au miezi mitatu. Wewe ndiye ungekuwa huyo Mtanzania.

UfutaRuangwa

Na hata bila mgeni, mazao yaliyo kwenye mfumo yanakwenda ghalani. Kununua kijijini kwa kangomba au chomachoma, yaani ununuzi wa magendo nje ya mfumo, ni kumwibia mkulima mchana kweupe. Mama anauza mwezi wa nne ufuta ambao bado uko shambani kwa sababu mtoto amefukuzwa shule, mwezi wa sita analipia deni mara mbili.

Mchuuzi_Masasi

Nimeelewa, asanteni. Nitamwambia. Lakini mjue hao akina mama wanauza mapema kwa sababu hela ya mnada inachelewa. Mkitaka kangomba iishe, malipo yaje kwa wakati.

BintiMikindani

Hapo umesema kweli, wala sina la kupunguza. Karatasi zote ninazozililia zinakufa siku mkulima anapouza nje ya mfumo, maana korosho ya kangomba haina shamba wala jina. Ikiingizwa ghalani kwa jina la mtu mwingine, rekodi nzima inakuwa ya uongo. Malipo yakichelewa yanaharibu mpaka ushahidi wa zao. Sijawahi kusikia kiongozi akilisema hivyo, na linapaswa kusemwa.

Sasa nirudi kwa mzee wangu na makato yake.

Stakabadhi ghalani ilianza na korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/08, chini ya sheria ya 2005. Tazama inachokijua leo: jina la mkulima, AMCOS yake, kilo, daraja, tarehe, akaunti ya benki. Sasa mnada unapita kwenye soko la bidhaa, TMX, kwa hiyo hata mnunuzi na bei viko kwenye kompyuta. Nchi nyingi zinazolima korosho hazina hata robo ya hayo. Kinachokosekana ni vitu viwili. Cha kwanza, mkulima alipuliza nini na lini. Cha pili, magunia yakifika ghala kuu yanachanganywa kwa daraja, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kusema gunia hili limetoka Kitangari au Mahuta. Uzi wa kumbukumbu unakatika pale pale.

Sipendekezi AMCOS zote zianze kesho. Ni AMCOS moja, itenge loti moja, yaani fungu la magunia lisilochanganywa na mengine, kwa mbanguaji mmoja aliyekubali kwa maandishi kulipa zaidi kwa kila kilo. Gharama ya kutenga itoke kwenye hilo ongezeko. Ongezeko lisipokuwepo, loti irudi kwenye mnada wa kawaida na hakuna mkulima anayekatwa kitu. Mkutano mkuu wa AMCOS ndio uamue, si afisa aje na waraka.

MzeeWaNewala

Ukisema hivyo nakuelewa. La dawa mbona jepesi, salfa tunapewa, tunajua ilikuja lini. Viuatilifu vingine ndiyo kila mtu na lake, wengine wananunua madukani bila kujua. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wangekuwa wanapita kabla ya mwezi wa sita ingesaidia. Ila swali langu la mwisho. Wakija kutaka alama za GPS za shamba langu, kama hizo za mbao, nani atakaa nazo? Nina shamba la marehemu baba, mipaka yake ina maneno na majirani. Sitaki ramani yangu iwe mikononi mwa mtu nisiyemjua.

BintiMikindani

Mzee, swali hilo watu wengi wenye madigrii hawaliulizi.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina tume yake. AMCOS inayokusanya jina lako, simu, akaunti na mahali shamba lilipo inakusanya taarifa binafsi. Inatakiwa ikuambie inazitaka kwa kazi gani, isizitumie kwa kazi nyingine, izilinde, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa hiyo mnunuzi wa Hamburg akitaka ramani, apewe namba ya loti na nukta ya shamba, bila jina wala simu. Orodha inayounganisha namba na jina ibaki kabatini kwa AMCOS, na kwenye muhtasari wa mkutano iandikwe nani ana ufunguo. Kwa shamba lenye mgogoro wa mpaka, nukta moja katikati ya shamba inatosha. Hata kanuni ile ya misitu inakubali nukta moja kwa eneo lisilozidi hekta 4. Hakuna haja ya kuchora mipaka ikazua kesi.

Na ramani isiwe na upande mmoja. Mnunuzi akichukua taarifa zako, naye aseme bei aliyouzia. Hilo hakuna sheria inayomlazimisha, ila kwenye mkataba wa loti iliyotengwa mnaweza kuliweka, na mimi ningeliweka.

KilwaMasoko

Kwenye mbao tunafanya hivyo, nyundo ina alama ya kijiji, kila gogo lina namba. Jina la mvunaji liko kwenye daftari la kamati tu. Inawezekana.

MkaliwaForodha

Mleta mada, kama utaweka hapa safu za daftari lenyewe itasaidia. Wateja wangu wadogo wanakuja na mzigo mzuri, ukiwauliza rekodi wanakupa risiti za lori.

BintiMikindani

Daftari letu la kikundi, upande wa kupokea, lina: tarehe ya kupokea, namba ya stakabadhi, AMCOS, kilo, unyevu, dawa zilizotumika na tarehe ya mwisho kupuliza, namba ya loti tuliyoipa. Upande wa kubangua: loti, nani amebangua, saa, kilo za kokwa zilizotoka, nzima na zilizovunjika, turubai na vyombo vilivyotumika, nani amekagua. Upande wa kuuza: loti, mnunuzi, namba ya cheti cha maabara, kilo, bei. Daftari la karatasi la jalada gumu, na kila Ijumaa napiga picha kurasa nazihifadhi. Kompyuta itakuja baadaye.

Safu ya dawa ndiyo inayobaki wazi mara nyingi, kwa sababu AMCOS hazijaanza kuiandika. Kama kuna katibu wa AMCOS humu, iwe Liwale, Nanyumbu, Mtama au kokote, ambaye tayari anaandika dawa za wakulima wake, naomba aweke picha ya ukurasa mmoja, majina yafunikwe. Mkutano mkuu wa AMCOS tunayonunua kwake uko karibu, ningependa nikaupeleke kama mfano.